Muganga Aliyepima Vidonda kwa Uzi

Mwaka wa elfu mbili nilikuwa na miaka thelathini na sita, na shida yangu ilianza pale. Kabla ya hapo nilikuwa masikini tu, na umasikini ni hali, mtu anaizoea. Shida ni kitu kingine. Mwezi wa sita majeshi mawili ya wageni yalipigana ndani ya Kisangani siku sita, mabomu yakaanguka sawa vile sisi wenye mji hatumo. Bomu moja lilianguka katika uwanja wa dada yangu mkubwa, kule Kabondo, tulikokuwa tumejificha. Mtoto wangu wa kike alikuwa ametoka kidogo kwenda jikoni, na jiko liko nje. Alikuwa na miaka saba. Sitasema zaidi juu yake.

Hapa nataka kumwandika muganga aliyefunga kidonda changu baada ya vita. Nilimjua miaka ishirini na mitano. Alikuwa mtu mzuri, mkali, mwongo katika mambo madogo na mkweli katika makubwa. Neno lake moja nililichukua vibaya nikalipeleka nyumbani, na kwa neno lile dada yangu akaitwa mchawi. Kila kitu ninachosema juu yake kinapita katika jambo hilo, nipende nisipende.

Jina lake siliandiki. Sisi wote tulimwita Muganga. Alikuwa infirmier, muuguzi, hakuwa daktari, na mtu akimwita docteur alimkata palepale: "Docteur iko Makiso, iko na gari. Mimi niko na baiskeli. Inua mguu."

Mimi nilisoma miaka mitatu ya primaire, shule ya msingi, basi. Kazi yangu ni kukata mapipa ya zamani na kuyafanya mbabula, majiko ya makaa. Mji huu unapika juu ya mikono yangu, nasema bila aibu. Sasa bati la pipa halina huruma. Miezi michache baada ya vita, bati lilinipasua hapa mbele ya mguu, chini ya goti, na kidonda kile hakikutaka kufunga. Ndiyo namna nilifika kwenye benchi lake.

Chumba chake cha kufungia vidonda kilikuwa na dirisha moja, meza moja, ndoo mbili na benchi refu lililolainishwa na makalio ya watu. Kazi yake ilikuwa na desturi moja ambayo sijaiona kwingine. Kabla ya kufunga, alivuta uzi mmoja kutoka bandeji mpya, akaunyoosha juu ya kidonda, kutoka mdomo huu mpaka mdomo ule, bila kugusa nyama. Akakata kwa makasi. Kisha uzi ule akaubandika kwenye karatasi yako kwa sparadra, plasta ya kunata, na tarehe pembeni. Juma lililofuata, uzi mwingine chini yake. Hukuhitaji kujua kusoma. Ukiona nyuzi zinafupika, unapona. Ukiona zinabaki sawa, kuna kitu. Mama mmoja muuza samaki wa Yanonge alipitisha karatasi yake kwenye benchi lote, mtu kwa mtu, sawa anaonyesha picha za ndoa ya mtoto wake.

"Mutazame! Mutazame ule wa kwanza, na mutazame huu wa leo!"

"Mama, rudisha karatasi," Muganga akasema. "Hapa si soko."

"Wewe unaona wivu, hauna kidonda."

Akacheka. Alipenda kutukanwa na wamama wa soko. Wanaume tukimjibu vile, alikasirika.

Alikuwa na kanuni yake, na aliisema kila siku mpaka tuliiimba benchini: kwanza sukari, kwanza damu, kwanza uchafu. Maana yake, kidonda kisipofunga, kwanza anapima sukari, kwanza anatafuta magonjwa ya damu, kwanza anachunguza kama kuna kitu kimebaki ndani. Hakutaka mtu aingie na habari za moyo wake kabla ya hapo. Kulikuwa na mchungaji mmoja aliyeleta mguu wake na maelezo marefu juu ya mateso ya kanisa, waumini wanaomsema, usiku wa kukesha. Muganga alisikiliza huku anachimba taratibu na pensi, koleo lake dogo. Kiisha akatoa kipande cha mti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Papa Pasteur, mateso yako iko na urefu wa sentimeta mbili."

Benchi lote tulicheka mpaka mchungaji naye akacheka. Lakini mara nyingine hakupata mti, hakupata sukari, damu ilikuwa safi, na uzi ulibaki uleule. Hapo ndipo alivuta kigoda chake, akaketi karibu, na sauti yake ikashuka.

Alitueleza mambo ya mwili kwa namna ya mtaa. Sikuisahau, kwa hiyo naiandika.

Alisema: fikiria avenue yako. Kila siku kuna watu wa kazi ndogo. Mmoja anazibua mfereji, mmoja anaziba bati linalovuja, vijana wa ulinzi wanazunguka kuangalia mwizi. Mwili nao ni vile. Damu yako ina walinzi wake na mafundi wake, hawalali. Sasa risasi inalia. Nani atazibua mfereji? Hakuna. Wote wanakimbia au wanajificha, na ni haki yao. Mwilini pia kuna kengele. Inatoka kichwani, inashuka katika mishipa ya fahamu, inafika kwenye tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo sawa kofia. Tezi zile zinamwaga maji yake katika damu. Moyo unakimbia, miguu inapata nguvu, na mafundi wanaambiwa: ngojeni kwanza.

"Kwa saa moja, ni mazuri," alisema. "Ile maji ndiyo ilikuokoa siku ya mabomu. Walinzi wenyewe wanachangamka, wanakwenda kwenye posti zao. Lakini kama kengele inalia mwezi, miezi, mwaka? Mfereji unaziba. Bati linavuja. Walinzi wanachoka, wanazoea kelele, hawasikii tena. Mwizi anapita mbele yao. Vita imeisha katika mji, lakini ndani yako bado inapigwa."

Wanafunzi wa université aliwatambua kwa midomo. Walipoanza kuja na malengelenge pembeni ya midomo, wengi kwa wakati mmoja, alisema bila kuuliza: "Mitihani imefika." Alisema ule ugonjwa mdogo unalala ndani ya mshipa miaka na miaka, unangoja walinzi wapate shughuli nyingine. Alijua tarehe za mitihani kuliko wanafunzi wenyewe.

Na bado, mtu huyo huyo hakuwa na utulivu wa kuku. Alitufundisha kupumua polepole wakati wa kusafisha kidonda, kuvuta pumzi kidogo na kuitoa ndefu, eti kuna mshipa mmoja mrefu unaotoka kichwani mpaka tumboni ambao ndio unaiambia kengele inyamaze. Sisi tunapumua, yeye anapiga kelele: "Polepole! Nimesema polepole, weye!" Alikunywa kahawa nyeusi tangu asubuhi. Alivuta sigara nyuma ya jengo halafu akasema ni mlinzi. Timu yake ikifungwa redioni, asubuhi yake bandeji zilikazwa sana, tulijua. Zawadi hakupokea, hata yai, lakini ndizi ya mgonjwa ikiwa mezani ilipotea, na yeye anatafuna huku anauliza nani amekula.

Juu ya maisha yake mwenyewe hakusema kitu. Nilimuuliza mara moja kama yeye analala vizuri.

"Mimi niko na mguu mzima," akasema. "Peleka wako hapa."

Sasa nafika pale.

Mwezi wa tatu wa kidonda changu, nyuzi zilikuwa sawasawa. Sukari hakuna, damu safi, kipande cha bati hakuna. Akavuta kigoda.

"Fundi, unalala?"

"Ninalala."

"Uongo. Macho yako iko nyekundu sawa pilipili. Nani anakukosesha usingizi?"

Halafu nikasema neno ambalo sikuwa nimemwambia hata mke wangu. "Dada yangu mukubwa."

"Yaya alifanya nini?" Kwetu yaya ni dada mkubwa.

"Siku ya mabomu mimi nilitaka tukimbie, tupite daraja la Tshopo, tushike barabara ya Bengamisa. Yeye akasema tubakie, ati kuta zake ni za matofali ya kuchoma. Tukabakia."

Alijua habari ya mtoto, kila mtu alijua. Alitikisa kichwa muda mrefu. "Bon. Kidonda hii na ile neno, ziko pamoja. Hii haitafunga kama ile haijafunga."

Alisema hivyo tu. Mtu aliyesoma anaelewa: ongea na dada yako, lia, tua mzigo. Lakini kwetu, ukiwa mgonjwa na mtu akakuuliza nani, unajua anauliza nini. Ni swali la vyumba vya maombi, ni swali la wale wanaotazama katika maji. Nani maana yake nani anakula wewe. Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nalingoja neno lile. Nilikuwa nalo tumboni tangu mwezi wa sita, nilikosa tu mwenye koti jeupe wa kulisema.

Nilikwenda nyumbani nikaita familia. Walikuja watu kumi na mmoja katika uwanja ule ule wa dada yangu, tulikobaki kukaa tangu vita: noko wetu, yaani mjomba, wakubwa wa ukoo, chef wa avenue, mkubwa wa mtaa. Nikafungua bandeji wakaona. Nikasema, "Hata muganga wa hospitali amesema. Kidonda hii iko mikononi mwa Yaya. Na mwenye kula mutoto ndiye anayekula mguu."

Dada yangu alikuwa anamenya ndizi za kupika lituma, zile za kuponda. Hakuacha kumenya.

"Nani amesema?"

"Muganga."

"Ule wa vidonda?"

"Ule ule."

Akanitazama. Nilifikiri atapiga kelele, tungepigana, ingeisha. Aliweka kisu ndani ya beseni, akafuta mikono. Kesho yake noko na chef walimwambia aende kwa wakwe zake Bengamisa, kijiji cha marehemu mume wake. Alikuwa mjane, hakuwa na mtu wa kumsemea. Nyumba ilikuwa yake, mume wake aliijenga. Yeye akaondoka, mimi na mke wangu na watoto tukabaki ndani ya nyumba yake. Watu kumi na mmoja waliona ni sawa. Wa kumi na mbili nilikuwa mimi.

Nikangoja mguu upone. Mchawi ameondoka, donc, basi, kidonda kifunge, ndivyo nilivyohesabu. Juma la kwanza Muganga akavuta uzi, akaubandika, akakunja uso. Ulikuwa mrefu kidogo kuliko wa nyuma. Juma la pili, mrefu zaidi. La tatu, hata mimi ambaye nilisoma miaka mitatu niliona. Alipima sukari tena. Akabadilisha dawa ya kusafishia. Akanikemea kwamba nasimama sana kwenye kazi.

"Nyumbani kuko nini?" akauliza, huku anafungua bandeji.

"Nyumbani iko sawa sasa. Dada ameenda. Tulimufukuza, sawa vile ulisema."

Mkono wake wenye pensi ukasimama hewani. "Mimi nilisema nini?"

"Ulisema iko yeye."

"Mimi. Nilisema. Nini?"

Nikamrudishia maneno yake, na kadiri nilivyoyasema yalionekana mengine. Mtu huyu aliyepiga kelele kwa ajili ya kahawa baridi, siku ile hakupiga kelele. Alichukua karatasi yangu, akaweka kidole kwenye uzi mmoja.

"Yaya aliondoka siku gani?"

Nikamwambia. Kidole kilikuwa palepale. Juu yake nyuzi sawasawa, chini yake nyuzi ndefu.

"Tazama," akasema. "Wewe ulifikiri umetoa kengele ndani ya nyumba. Umeongeza ingine."

Alimaliza kunifunga, taratibu kabisa, akavua koti, akawaambia waliokuwa benchini waende kwa mwenzake.

Asubuhi ya pili alisimama mbele ya mlango na baiskeli yake. "Panda."

Kutoka kwetu mpaka Bengamisa ni safari ya kutwa kwa baiskeli, na nyuma kuna mtu mzima mwenye mguu mbovu. Alikuwa amenizidi miaka saba. Vijana wa toleka, wale wanaobeba watu kwa baiskeli, walimpita wakicheka: "Papa, bei gani mpaka mbinguni?" Yeye anahema tu. Kwenye daraja la Tshopo akashuka. Nilifikiri amechoka. Alisimamisha baiskeli, akashika chuma cha daraja, maji yanapiga kelele chini yetu.

"Fundi. Ulitaka kupita hapa siku ile, na mutoto?"

"Ndiyo. Na tungepita."

"Batu waliokimbilia huku, mi najua. Mi niliwafunga, wale walionifikia. Hapa ndipo palikuwa katikati. Wale wa huku na wale wa kule walipigiana hapa." Akatema mate majini. "Yaya alikuambia mubakie? Alisema vizuri. Mimi mwenyewe, na masomo yangu, ningekuambia mubakie. Bomu haikumuuliza."

Kulikuwa na upepo, nikageuza uso upande mwingine. Akapanda, nikapanda.

Bengamisa tulimkuta dada yangu amelala katika jiko la wakwe, kwenye mkeka, na sahani yake imewekwa mbali na sahani za wengine, chini. Wakwe walikuwa wamepata habari kabla yake, habari ya namna hii haihitaji baiskeli. Watoto walikuwa wanapita mbali. Muganga aliomba wakubwa waitwe. Alisimama na jasho lake na vumbi lake, akasema mbele yao wote:

"Neno lilikuwa la kwangu. Niliuliza vibaya, huyu akabeba vibaya. Mama huyu hana kitu. Hakula mutu. Kama munataka mutu wa kulaumu, mimi niko hapa."

Dada yangu alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Muganga, wewe umesema mbele yao. Yeye?"

Wote walinitazama. Nilikuwa na maneno, nilikuwa nayo kabisa mdomoni. Mimi ni mtu aliyezoea kusema ukweli kwa wengine. Nikasema, "Yaya, turudi."

Alirudi na lori la mihogo siku mbili baadaye, akaingia nyumbani kwake, nasi tukatoka juma lilelile. Kule Kabondo hakuna aliyemtukana tena mdomoni. Lakini wamama waliacha kumwachia watoto wadogo wakienda sokoni. Maji ya kunywa akimpa mtu, mtu anasema ameshiba. Na yeye kwangu hakula tena. Alikuja kwenye matanga, alikuja kwenye ndoa za watoto wangu, alikaa, alisalimia, akaondoka bila kuonja hata chumvi.

Kidonda kilifunga, ndiyo. Kilichukua mvua nzima, uzi kwa uzi. Nilimuuliza Muganga kama ni kwa sababu dada alirudi. Mwingine angejisifu. Yeye akasema, "Nilibadilisha dawa pia. Na ulianza kulala. Na ulipunguza kusimama. Sijui ni ipi. Mutu akikuambia anajua, anakudanganya."

Tangu siku zile hakumuuliza tena mgonjwa nani. Nilishuhudia mwenyewe, maana nilizoea kupita pale hata bila kidonda, kuongea. Aliuliza: "Unaamka saa ngapi? Unakula mara ngapi kwa siku?" Na alipata desturi mpya iliyomchosha kila mtu. Ukimaliza kufungwa, unafika mlangoni, anakushika shati.

"Nilisema nini?"

"Ulisema nisilowanishe."

"Na nini tena?"

"Nirudi siku ya tano."

"Na juu ya bibi yako?"

"Ulisema nisiongee naye nikiwa na hasira."

"Sikusema ni mubaya."

"Hukusema, Muganga."

"Sema: Muganga hakusema bibi yangu ni mubaya."

Watu walicheka, wakasema anazeeka. Mimi sikucheka. Alifanya hivyo mpaka siku ya kupumzishwa kazi.

Mwaka jana binti yake alinipigia simu. Akasema baba ni mgonjwa, hataki kwenda kwa daktari, anataka kuniona. Nilikwenda Mangobo kwa moto-taksi. Nilimkuta ameketi kwenye kibaraza bila shati, mkono mmoja umeinuliwa sawa mtu anayejisalimisha. Kutoka uti wa mgongo mpaka chini ya ziwa, upande wa kushoto peke yake, alikuwa na mkanda wa malengelenge mekundu. Nguo ikigusa pale, analia kama mtoto.

"Zona," akasema kabla sijauliza. "Ni ile tetekuwanga ya utoto. Unapona, yenyewe haiondoki, inalala katika mizizi ya mishipa miaka sitini, walinzi wanaiangalia. Siku moja walinzi wanachoka." Akajaribu kucheka, pumzi ikamkata. "Mi niko na miaka sitini na nane. Uzee peke yake inatosha."

"Basi ni uzee."

"Inatosha, nimesema. Sikusema ni hiyo peke yake."

Nilimwambia anywe dawa. Alisema binti yake ameleta. Nilimwambia apumue polepole, akanitukana. Tukakaa. Halafu akauliza, bila kunitazama:

"Yaya, ulimusafishia jina mbele ya batu?"

"Nilimurudishia nyumba yake."

"Sikuuliza nyumba."

"Wewe ulisema Bengamisa, mbele ya wakwe."

"Mi nilisema mbele ya wakwe. Wewe ulimusingizia mbele ya batu kumi na moja wa Kabondo. Wale, nani aliwaambia?"

Nilikasirika. Nilimwambia ni miaka ishirini na mitano, wengine wamekufa, nani anakumbuka. Akanigeukia, na jicho lake halikuwa la mgonjwa.

"Yeye anakumbuka. Na mimi. Neno ilitoka katika kinywa yangu, Fundi. Nimefunga vidonda vya batu sijui wangapi, na ile moja haijafunga. Mi nilitaka niende mwenyewe Kabondo niseme. Sasa sina mbavu ya kwenda. Utakwenda wewe, ao tutakufa hivi?"

Binti yake alikuwa mlangoni na kikombe, akasimama palepale. Nikaondoka bila kuaga vizuri. Njiani nilimtukana kichwani mpaka nikafika. Halafu nikaanza kuhesabu ni nani bado yuko hai.

Walikuwa wanne kati ya kumi na mmoja. Chef wa zamani wa avenue, kipofu jicho moja. Noko, ambaye amepita miaka tisini na masikio yamekwenda. Wakubwa wengine wawili. Wa wale waliokufa, niliita watoto wao. Ilikuwa siku ya Mungu, baada ya misa, katika uwanja wa dada yangu, ambako tangu nilipotoka sikuwahi kukaa. Muganga alikataa kubaki kwake. Walimleta kwa moto-taksi, binti yake nyuma anamshikilia kwa kiuno kwa upande mzima, shati halikufungwa vifungo. Dada yangu alitoa kiti chenye mgongo akampa yeye. Sisi wengine tulijitafutia.

Nilisimama. Nimesema mbele ya maofisa wa kodi, nimesema mbele ya askari wenye bunduki, sauti haikukosa. Siku ile ilikosa.

"Mwaka ule," nikasema, "nilisema dada yangu alikula mutoto wangu. Nilidanganya. Muganga hakusema. Mimi ndiye nilisema. Alituambia tubakie ndani, na ilikuwa haki. Hakuna kitu alichofanya."

Nikataka kukaa.

"Sema tena," dada yangu akasema. "Noko hasikii."

Nikasema tena, kwa nguvu zaidi. Noko akaweka mkono nyuma ya sikio. "Nani alikula nini?"

"Hakuna aliyekula kitu, Noko! Mimi nilidanganya!"

"Na wale wa kwenye uzio," dada yangu akasema. Kweli, majirani walikuwa wamejaa upande wa barabara, mama mmoja amepandisha mtoto begani ili aone. "Wale ni wageni, walikuja baada ya vita. Lakini na wao walifundishwa wasinywe maji yangu. Sema tena."

Nikaenda mpaka kwenye uzio. Nikasema mara ya tatu. Nililia, na sitaandika kwamba ilikuwa vumbi.

Niliporudi, Muganga alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wake bado umeinuliwa mbali na mbavu. Dada yangu alisimama mbele yake.

"Muganga, unaumia sana?"

"Sana, mama."

"Pole," akasema. Akaingia ndani, akatoka na glasi ya maji. Akampa. Watu wote walitazama glasi ile. Muganga aliinywa mpaka chini, polepole, akaomba nyingine.

Aliishi miezi mitano tena. Zona ilikauka, maumivu yakabaki, moyo ndio uliomchukua. Binti yake anasema siku za mwisho alikuwa analala, kisha anasema labda ni dawa, hajui ni ipi. Ni mtoto wa baba yake.

Mimi leo nina miaka sitini na miwili. Nina kiwanja kimoja Kabondo, karatasi zake ziko. Nyumba ya vyumba vinne, bati la juu ni jipya. Karakana ya mbabula, mafundi watatu, makasi matano ya bati, nyundo nane, mapipa kumi na manne ambayo hayajakatwa. Pikipiki moja. Mke mmoja. Watoto watano walio hai, wajukuu tisa. Makaburi mawili ninayoyapalilia. Dada mkubwa mmoja, mzima. Majirani wanakunywa maji yake. Kwangu bado hajala.